Mashine Iliyozinduliwa Mara Mbili

Nchi yetu ipo, msitie shaka. Ina bendera, ina wimbo, ina mipaka pande zote. Jina lake sitalitaja, maana waraka wa mwaka juzi unakataza kulitaja bila kibali, na kibali nimeomba mara mbili sijajibiwa. Mnaoijua mtaijua. Wengine someni tu mkidhani ni ya jirani.

Mimi naitwa Mbaruku, Afisa Itifaki Daraja la Tatu katika Wizara ya Kumbukumbu na Utambuzi. Kazi yangu ni tepe. Nikisema hivyo watu hucheka, nami huwaacha wacheke, kwa sababu hawajui kwamba bila mimi nchi hii isingewasha hata taa. Kwetu hakuna kitu kinachoanza kazi kabla hakijakatiwa utepe. Kisima kikichimbwa, maji yatabubujika na watu watasimama na ndoo zao wakiyatazama mpaka Mheshimiwa afike na mkasi. Choo cha soko la mjini kilikaa miaka miwili kimefungwa, vigae vinang'aa, wauza nyanya wakijisitiri nyuma ya ghala, kwa kuwa kiongozi aliyepangiwa kukizindua alikuwa anaumwa mgongo. Hakuna aliyelalamika. Siku tulipokizindua niliweka utepe wa dhahabu.

Basi nisikilizeni, maana yako maneno yanazungushwa mitaani kuhusu ile mashine, na wanaoyazungusha hawakuwepo. Mimi nilikuwepo.

Wizara yetu ina seva. Seva, kwa wasiojua, ni kompyuta kubwa isiyo na mtu wa kukaa mbele yake. Ndani yake ndimo inamokaa Rejista Kuu, yaani majina ya wananchi wote na namba zao. Kwetu mtu si yule anayepumua. Hata mbuzi anapumua. Mtu ni yule aliyemo kwenye Rejista. Sasa mwezi wa tatu seva ikazidiwa na joto, kwa sababu kiyoyozi chake kilikuwa kimehamishiwa chumba cha wageni mashuhuri, ikazimika. Ilipowashwa, wilaya nzima ya Mtondoo haikuwemo. Watu elfu arobaini na moja, kwisha. Wizara haikubabaika. Ilitoa taarifa kwa vyombo vya habari kwamba juhudi za kudhibiti ongezeko la watu zimezaa matunda.

Bahati nzuri nakala ilikuwepo. Majina yote yalikuwa yamehifadhiwa kwenye kanda, kitu cha ukubwa wa mche mdogo wa sabuni, kimefungiwa kwenye sefu. Tatizo ni kwamba kanda haisomeki kwa macho. Inataka mashine yake ya kuisoma, ifungwe kwenye seva. Mashine ya zamani ilikuwa imekufa. Mpya ikaagizwa ng'ambo, ikafika ndani ya boksi zuri: mashine yenyewe, kijitabu cha maelekezo, skrubu nne, na utepe.

Ndiyo, utepe. Wa kijivu, bapa, upana wa vidole vitatu, na ncha zake mbili zimefungwa vibanio vyeusi vyenye vitundu. Mwenzenu nilifurahi. Nikasema kimoyomoyo, hawa wenzetu wa ng'ambo wana adabu, wamejua hatuanzi kitu bila utepe wakatufungia na wa kwao. Fundi wetu wa seva, Shekivuli, alikuwa amekwenda kumzika mjomba wake, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kunishauri vinginevyo, na wala sikuona haja ya ushauri. Nina miaka kumi na tisa kwenye tepe.

Nikaufunga baina ya viti viwili mbele ya seva. Mheshimiwa Waziri, Profesa Daktari Injinia Kagoro, akaja na msafara wake. Alihutubia saa moja na nusu, akatukumbusha kwamba taifa lisilo na kumbukumbu ni taifa lililosahau, tukapiga makofi. Kisha akashika mkasi. Utepe ule ulikuwa mgumu, jamani. Alikata mara ya kwanza ukakataa, mara ya pili ukakataa, mara ya tatu akauma mdomo na kusema kwa sauti, "Leo tunaikata minyororo ya usahaulifu," ukakatika. Nusu moja ikatiwa kwenye fremu ya kioo, ikatundikwa chumba cha kusubiria cha Waziri. Nusu nyingine ikapelekwa Makumbusho ya Taifa. Ndiyo desturi yetu kwa tepe zote za mawaziri.

*

Wiki hiyohiyo alikuja ofisini kwangu Mwalimu Nasemba. Huyu mama alinifundisha darasa la kwanza kule Mtondoo, kwa chaki na kwa kiboko, na chochote ninachojua kusoma, hata hizo nyaraka, nakijua kwa ajili yake. Alikuwa amevaa miwani mizito, ameinamisha shingo upande mmoja kama kuku anayetafuta punje.

Alinieleza shida yake bila kulia. Alikuwa na presha ya macho. Jicho la kulia lilikwishakufa. La kushoto lilikuwa linafuata. Madaktari wa macho huja nchini mwetu mara moja kwa mwaka, na mwaka huu walikuwa Hospitali Kuu mpaka tarehe ishirini na nane ya mwezi uliofuata. Walikwishampima, wakamwambia wakimpasua kabla hawajaondoka, jicho litabaki. Wasipompasua, mwakani hakutakuwa na kitu cha kupasua. Akaenda dirishani kuandikishwa. Karani akaandika jina lake, akatazama kioo cha kompyuta, akamwambia, "Bibi, wewe hupo."

"Kama sipo, unazungumza na nani?" Mwalimu akamuuliza.

Karani akaita anayefuata.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mashine ya kurudisha majina imeshazinduliwa. Akaniuliza kama imeshasoma. Nikamwambia imeshazinduliwa. Akanitazama kwa lile jicho moja kama alivyokuwa akinitazama nikikosea hesabu, akasema atarudi Jumatatu.

*

Shekivuli akarudi kutoka msibani, akafungua seva, akafungua boksi, akaanza kutafuta kitu. Alipekua mpaka chini ya zulia. Mara ya tatu aliponiuliza waya uko wapi, nikaona nimwoneshe kazi yangu, nikampeleka chumba cha kusubiria cha Waziri. Akautazama ule utepe kwenye fremu, na kibao chake cha shaba, muda mrefu. Halafu akakaa kwenye kiti cha wageni, akashika kichwa.

"Mbaruku," akasema taratibu, "mmekata waya."

"Tumekata utepe," nikamrekebisha.

Akanieleza kwamba ule ndio unaopeleka habari kutoka kwenye mashine kwenda kwenye seva, na kwamba bila huo mashine itawaka taa yake ya kijani mpaka Kiyama na seva isijue kama ipo. Mkuu wa Itifaki, Bwana Ndyetabula, akapita akatusikia. Ni mtu mpole sana Bwana Ndyetabula. Hajawahi kumfokea mtu, na watu waliofukuzwa kazi naye hupata habari kwa barua zenye maua pembeni. Akamuuliza Shekivuli, kwa upole huohuo, "Unataka kusema Mheshimiwa Waziri amekata nini?"

Shekivuli akatazama mlango. Nadhani aliwakumbuka wanawe wanne.

"Utepe," akasema.

Siku iliyofuata ukatoka waraka kwamba kile kitu cha kijivu ni utepe, kilikuwa utepe, na kitaendelea kuwa utepe. Ndiyo maana mimi nauita utepe hapa. Sina ubishi na waraka.

*

Kwa kuwa majina hayakurudi, ikaundwa Tume ya Kuchunguza Kwa Nini Mashine Inayofanya Kazi Haifanyi Kazi, watu kumi na mmoja, mwenyekiti Bwana Ndyetabula. Kijitabu cha maelekezo kilikuwa na ukurasa mzuri kabisa wa mwisho: mashine isiposoma, fuata hatua hizi. Hatua ya kwanza ilisema hakikisha kile cha kijivu kimechomekwa pande zote mbili. Tume ilijadili hatua hiyo siku mbili, ikaazimia kwamba inahusu nchi za baridi, ikairuka.

Hatua ya pili ilisema tazama kama taa ya kijani inawaka. Ilikuwa inawaka. Tume ikapiga picha ya pamoja na taa.

Hatua ya tatu ilisema kila kifaa ndani ya seva kiwe na namba yake, isigongane na ya kingine. Mashine ilikuja na namba yake, nne. Bwana Ndyetabula akashtuka. Kitu kilichozinduliwa na Waziri kitakuwaje cha nne? Nani watatu waliokitangulia? Akaagiza ipewe namba moja. Shekivuli akasema namba moja ni ya diski yenye Rejista yenyewe. Tume ikamwambia Rejista itajisogeza. Rejista haikujisogeza, na kwa siku mbili nchi nzima haikuwa na mwananchi hata mmoja, mpaka Tume ikaamua kwa kauli moja kwamba namba nne ni namba ya heshima katika mila zetu, ikairudisha.

Kila seva ilipowashwa, kioo kiliandika kwamba hakuna kifaa kilichopatikana. Tume iliona maneno haya ni ya uchochezi. Ikaagiza karatasi ibandikwe juu ya kioo, imeandikwa KIFAA KIPO. Mimi ndiye niliyeiandika, kwa mwandiko aliouzoesha mkono wangu Mwalimu Nasemba. Ripoti ikakabidhiwa tarehe ishirini, kurasa mia mbili, na hitimisho lake nalikumbuka kwa moyo: mashine inafanya kazi vizuri sana isipokuwa haisomi.

Mwalimu alikuwa akija kila Jumatatu kama alivyoahidi. Mara ya pili alinisifu tai yangu. Mara ya tatu alinisalimia akitazama kabati.

"Jumatatu iliyopita niliiona tai yako, mwanangu," akasema. "Leo nakuona kama moshi."

Nikamsomea hitimisho la ripoti. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema darasani kwake mtoto anayeandika hivyo angerudia mwaka. Alipotoka alipapasa ukuta mpaka mlangoni, na mimi nikabaki nimekaa na tai yangu. Niliona aibu. Nasema kweli, niliona aibu, na si kawaida yangu nikiwa kazini.

*

Nikamfuata Shekivuli. Nikamuuliza kwa siri, huo utepe mwingine unapatikana wapi? Akasema upo mmoja tu wizarani, kwenye stoo, umetolewa kwenye kompyuta ya zamani na mtunza stoo anaufungia fagio. Mmoja tu. Wa kuagiza ng'ambo huchukua miezi minne. Lakini stoo haitoi kitu bila Fomu Namba Kumi na Tisa, na fomu hiyo ina swali: kilichokuwepo kimepatwa na nini? Ukiandika kimeibiwa, wanaitwa polisi. Ukiandika kimeharibika, unataja aliyekiharibu.

Shekivuli alikuwa ameikalia fomu hiyo wiki nzima, kalamu mkononi. Hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi, na msidhani sijajilaumu. Nikamwambia, andika kimezinduliwa. Ni kweli tupu na haimgusi mtu. Swali lililofuata lilikuwa: kitakachotolewa kitatumika vipi? Nikachukua kalamu mwenyewe nikaandika, "Kama cha kwanza." Nikatia sahihi. Tulicheka, wallahi, tulicheka kama watoto walioiba sukari.

Stoo ikakubali. Tarehe ishirini na saba, saa mbili asubuhi, fagio zikafunguliwa, utepe ukachomekwa huku na huku, Shekivuli akairudisha mashine kwenye nafasi yake akaacha kifuniko wazi, akawasha. Mashine ikanguruma kidogo, ikameza kanda. Nikabandua ile karatasi kwenye kioo. Na majina yakaanza kuja.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Yalikuja kwa mpangilio wa herufi, moja moja, na kila lililoandikwa lilikuwa mtu. Abasi fundi cherehani. Akwilina wa mashine ya kusaga. Bashiru, niliyesoma naye, nilisikia alikufa lakini kwenye Rejista akawa hai, nikamfurahia vilevile. Shekivuli akakadiria kwamba wilaya nzima itakwisha saa saba mchana. Nikatuma gari likamchukue Mwalimu, ili jina lake likitokea tu niende naye moja kwa moja hospitali. Madaktari walikuwa wanapasua wa mwisho jioni ile.

Alifika saa nne, nikamkalisha karibu na seva. Hakuona kitu, ila aliusikia ule mngurumo akatabasamu. Akaniambia nimsomee. Nikamsomea majina, na kila mara alikuwa akisema, huyu nilimfundisha, huyu baba yake alikuwa mkorofi, huyu alikuwa hajui hesabu za kutoa.

*

Saa tano na nusu Bwana Ndyetabula akapita kwenye korido akasikia mngurumo. Akaingia, akatazama mashine, akatutazama.

"Hii inafanya kazi," akasema kwa upole. "Nani ameizindua?"

Nikasema ilizinduliwa mwezi uliopita na Mheshimiwa Waziri. Akasema ilizinduliwa ile isiyofanya kazi. Hii inayofanya kazi ni nyingine kiutaratibu, na inafanya kazi bila kuzinduliwa, jambo ambalo tangu uhuru halijawahi kutokea. Akapiga simu. Waziri alikuwa njiani kwenda uwanja wa ndege, akasema atapitia, dakika kumi tu, mkasi uwe tayari.

Nikamwambia hamna shida mkuu, ninao utepe mwekundu kwenye droo, mita kumi na mbili. Nilikuwa nimeshasimama kuufuata. Akaniambia nisubiri. Akaliomba faili, akaifungua Fomu Namba Kumi na Tisa, akaisoma polepole akifuatisha kwa kidole.

"Utepe umeshatolewa stoo kwa kazi hii," akasema. "Matumizi: kama cha kwanza. Sahihi hii ni yako?"

Ilikuwa yangu.

Shekivuli akapiga magoti. Mtu mzima, baba wa watoto wanne, akapiga magoti kwenye zulia la serikali akaomba saa moja na nusu tu. Imeshafika M, alisema, inaingia N. Bwana Ndyetabula akamwinua kwa mkono wake mwenyewe, akamfuta vumbi, akamwambia kukata hakuchukui hata dakika. Kisha akamwona Mwalimu, akafurahi sana. Mnufaika halisi, akasema, tena mzee, tena mwanamke. Akaagiza apewe ile sahani ya fedha yenye mkasi, ashike mbele ya kamera.

Sikulazimika kufunga utepe. Ulikuwa umeshatandazwa baina ya mashine na seva, umekaza, unang'aa kidogo. Kwa mara ya kwanza katika utumishi wangu utepe ulikuwa umejifunga wenyewe.

Waziri akaingia na watu wake. Kioo kilikuwa kinaandika Nargisi, Narimu, Nasari. Mwalimu Nasemba alikuwa amesimama wima, sahani mikononi, uso ameuelekeza kwenye sauti. Waziri akasema ataongea kwa kifupi, akachukua mkasi kwenye sahani, akamshukuru mama. Safari hii alikuwa amezoea. Ukakatika mara moja.

Makofi yakapigwa. Nilipiga na mimi; mikono ina mazoea yake. Yalipoisha, chumba kikawa kimya, na katika kimya kile Mwalimu akageuza shingo.

"Mbaruku, mbona imenyamaza?"

"Imemaliza, Mwalimu," nikasema.

Akanipa mkono nimwongoze. Nikampeleka hospitali, kwa sababu alikuwa amekwishasimama na mkoba wake. Karani akatafuta. Nasari alikuwepo, wa Mtondoo, mzima wa afya. Baada ya Nasari hapakuwa na mtu.

*

Nimepanda daraja tangu siku ile. Mheshimiwa alisema uzinduzi wa pili ulikuwa mzuri kuliko wa kwanza. Nusu ya utepe nimepewa mimi kama tuzo, iko kwenye fremu ofisini kwangu, chini kidogo ya picha ya Mheshimiwa. Sikuitia kioo, kioo hakikupatikana. Wenzangu huja kuutazama, wanasema utepe mzuri, nawajibu ni wa ng'ambo.

Juzi alikuja Mwalimu Nasemba. Aliletwa na jirani, jirani akabaki mlangoni, mwenyewe akaingia akipapasa ukuta. Haji tena kwa ajili ya macho. Anataka tu barua ya kusema kwamba yupo, ili siku akifa apate kibali cha kuzikwa. Nikamwambia nitaiandika, nikaanza kuitafuta karatasi. Yeye mkono wake ukaendelea ukutani, ukaipita kalenda, ukaifikia fremu, ukasimama.

Aliupapasa ule utepe polepole, kwa ncha za vidole, mstari kwa mstari, mpaka mwisho wake uliokatwa. Akauliza ni nini hiki.

"Utepe, Mwalimu."

Akatikisa kichwa, kama zamani nilipokosea ubaoni naye alikuwa amechoka hata kunipiga.

"Huu ni waya, mwanangu," akasema.

Niliinuka nikafunga mlango, asije akasikika.